Mama Jozi, Fundi Aliyejua Nani Atagombana na Nani

Wasikilizaji wapendwa, msimu wa mbio za magari unaanza Jumapili hii, na mtu aliyetuambia kila mwaka nani atagombana na nani hayupo. Mama Jozi amefariki. Alikuwa fundi cherehani. Alishona ovaroli za madereva wa mbio, na kila mwaka kabla ya msimu alikuja hapa studio kutabiri ugomvi. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Mama Jozi, fundi wa ovaroli, mtabiri wetu wa ugomvi wa msimu, ametutoka.

Nitamsema kama alivyokuwa. Alikuwa na wivu. Angekuwa hapa angesema hivyo mwenyewe, tena kwa sauti, kwa hiyo familia isinikunjie uso.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya karakana za timu, kati ya stoo ya matairi na choo cha mafundi. Kilikuwa na dirisha moja, cherehani na meza ndefu ya kukatia. Katikati palikuwa na kisanduku cha mbao. Dereva alipanda juu yake, akanyoosha mikono kama shati kwenye kamba, na Mama Jozi akampima kifua, kiuno na paja. Hapo ndipo utabiri wake ulipotoka. Mtu aliyesimama mikono hewani, pini zimemzunguka shingo, hana pa kukimbilia. Ataongea tu.

"Mama," dereva angeanza, "yule wa timu ya kijivu, naye umeshampima?"

"Nimempima."

"Kiuno kimepungua?"

"Simama wima, baba. Kiuno nilichoshika ni chako."

Basi, jozi ya wagomvi imepatikana. Dereva akiwa mwepesi, gari nalo huwa jepesi, likakimbia zaidi. Anayeuliza kiuno cha mwenzake ameanza kukosa usingizi. Timu nazo aliziona hivyohivyo. Meneja akija kuuliza kama nembo ya jirani imeshonwa juu kidogo kuliko yake, Mama Jozi alijua timu hizo zitapelekana kwa waamuzi kabla msimu haujafika katikati.

"Watu wanaangalia injini," alikuwa akisema hapa studio. "Injini haina wivu. Mwenye wivu ni aliyekaa mbele ya usukani."

Mnakumbuka mwaka alipotaja Kiberiti na Mpole? Madereva wale walikuwa marafiki. Watoto wao walisoma shule moja. Tulimcheka Mama Jozi, na simu zenu zikamcheka zaidi. Msimu haujapamba moto, Mpole akambana Kiberiti kwenye kona, wote wawili wakaishia kwenye changarawe, wakashuka na kunyoosheana vidole. Bintiye anasema, "Mama alikuwa anapinda suruali ya mtu. Nikampigia kelele, mama, njoo uone! Hakuinua hata kichwa. Akasema, nimeshaona, niliona mwezi ule."

Mumewe, mwalimu mstaafu, anakumbuka kitu kingine. "Nilimwuliza mbona dereva fulani, mkorofi vile, hampi jozi. Akaniambia, huyo anagombana na kila mtu, lakini hakuna anayemwonea wivu. Nikimtaja, nitakuwa nimempandisha cheo."

Sasa tuje kwa mdogo wake. Karakana nzima humwita Sindano. Mama Jozi ndiye aliyemfundisha kazi, akampigapiga vidole kwa rula, akamfumulisha mishono mpaka analia. Sindano alipoiva, akafungua chumba chake mwenyewe, upande wa pili wa ua. Mlango ulitazamana na dirisha la dada yake.

Mwanzoni Mama Jozi alimcheka. "Atashona aproni za wapishi," alisema. Halafu timu ya kijani, timu kubwa kuliko zote, ikahamishia kazi yake kwa Sindano.

Wasikilizaji wapendwa, siku hiyo Mama Jozi aligeuza cherehani yake ili dirisha liwe kisogoni kwake. Hakutaka kuona ovaroli za kijani zikining'inia mlangoni kwa mdogo wake. Baada ya siku chache akatundika kioo ukutani, eti cha wateja. Bintiye anacheka akisimulia: "Kioo kile kilionyesha mlango wa mama mdogo tu. Mteja akijitazama, alijiona bega."

Mwaka huo alikuja studio, akakaa, akatangaza kwamba madereva wawili wa timu ya kijani hawatamaliza msimu wakisalimiana. Alisema hayo kwa raha. Lakini madereva hao hakuwa amewapima. Hawakuwahi kupanda kisanduku chake. Mwaka huo, wasikilizaji, Mama Jozi alitabiri wivu wake mwenyewe.

Mnajua kilichotokea. Wale wawili walisaidiana kama ndugu. Mmoja alimpisha mwenzake ili apate pointi. Timu ya kijani ikachukua ubingwa, na kila picha ya ushindi ilionyesha mshono wa Sindano.

Mafundi wakamwandama Mama Jozi. "Vipi, mama, uzi umekatika?"

"Uzi wangu haukatiki. Pita, unaniziba mwanga."

Tangu hapo hakukanyaga kwa mdogo wake. Sindano akipita uani alisema, "Shikamoo dada," na dada alijibu, "Marahaba," pini zikiwa mdomoni, ili asilazimike kuongeza neno.

Sindano ametuambia wazi alichokitaka miaka yote. "Nilitaka dada aseme mara moja tu kwamba najua kushona. Watu wa kijani walinisifu, mameneja walinisifu. Sifa zao nilizisikia kama za mtu anayempongeza mtoto wa jirani. Wao wanajua nini kuhusu mshono?"

Mwezi uliopita Mama Jozi alikuja studio kwa mara ya mwisho. Alikuwa mgonjwa. Alishikilia ukuta kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, na aliyejaribu kumshika mkono alikaripiwa. Alikuja kutoa jozi za msimu huu unaoanza Jumapili. Ya kwanza, alisema, ni Kiberiti na yule binti mpya wa timu ya kijivu. Kiberiti alikuwa amemdodosa kuhusu ovaroli ya binti huyo mpaka akajichoma pini. Ya pili ni timu ya njano na timu ya kijani, kwa sababu meneja wa njano siku hizi hataji jina la kijani. Anasema "wale."

"Na ya tatu?"

"Mimi na Sindano."

Aliulizwa nani atashinda.

"Yeye. Ameshashinda. Na inaniuma. Hiyo msiikate mtakaporusha."

Hatukuikata. Tuliirusha wiki iliyopita, na Sindano aliisikia akiwa kwenye cherehani. Akaacha mshono katikati, akakunja ovaroli ya kijani kwenye mfuko, akaenda nyumbani kwa dada yake. Mwalimu alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia.

"Hodi, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Ya Jumapili. Nataka uitazame."

"Huna macho?"

"Dada, tafadhali."

Mama Jozi aliigeuza ndani nje, maana upande wa nje fundi yeyote anaweza kuupamba. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, polepole, mpaka kwapani. Akasimama hapo.

"Hapa umefanya nini?"

"Nimetia kipande cha pembe nne. Dereva akiinua mkono, kiuno hakivutwi."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nimebuni."

"Mtoto mbaya wewe!" Mama Jozi akamtupia ile ovaroli. "Mimi nahangaika kukata mikono upya kila mwaka, na wewe ulikuwa na hiki kipande hapo ng'ambo? Ondoka nacho. Naumwa, unataka kunimaliza?"

Walicheka, anasema mwalimu. "Lakini namjua mke wangu. Sindano alipoondoka, alishika kwapa la gauni lake, akawa analitazama kwa uchungu." Sindano naye anasema alirudi kazini kama aliyevishwa medali.

Wiki hiyohiyo Mama Jozi alifariki. Tumemzika jana.

Leo asubuhi tumempigia Sindano simu. Yuko kazini, kwa sababu magari hayangojei mtu. "Nimemaliza ovaroli ya mwisho," alisema. "Imekaa vizuri kuliko zote nilizowahi kushona. Nikainyanyua, nikageukia dirisha la ng'ambo. Sasa nikishona vizuri, nani ataumia?"

Kwa mwalimu, kwa binti na kwa Sindano: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, Jumapili magari yatakapopangwa kwenye mstari, mfikirieni mtu mmoja ambaye kazi yake nzuri inawakosesha raha. Msijifanye hamna mtu kama huyo. Mtafuteni, mwambieni kazi yake ni nzuri. Itawauma. Iwaume tu, mradi ameisikia akiwa hai.