Mvua ya Pili Hatukuja

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki mlangoni tena, na wewe kifungua mimba acha hiyo simu, haya yanakuhusu kuliko wote.

Kabla sijafungua kiwanda chetu cha mikate, nilikuwa mwokaji kwa tajiri mmoja mwenye maneno matamu. Mafuriko yalipoingia ghalani kwake, hakuna aliyetuita. Tulikwenda wenyewe, maji kiunoni, tukapandisha magunia ya unga ghorofani, na shoga yangu tuliyemwita Kicheko akaumia mgongo pale pale kwenye ngazi. Unga ukapona. Haukupita muda, tajiri akamfanya mpwa wake msimamizi wetu, kijana ambaye siku ile hakutoka hata kitandani, na Kicheko, kwa kuwa hawezi tena kuinama, akaambiwa awapishe wenye nguvu. Hata chai ya kumuaga haikuwapo.

Hatukugoma. Tulinyamaza tu, tukawa tunaingia kwa saa na kutoka kwa saa. Maji yaliporudi mwaka uliofuata, kila mtu alibaki kwake akiitazama mvua dirishani. Kulipokucha tukakuta unga umekuwa uji, tajiri kasimama katikati yake, viatu mkononi, analia: "Jamani, nyinyi si watu wangu?"

Mzee wa tanuri akamjibu, "Tulikuwa."

Msidhani nilifurahi. Kiwanda chake kilifungwa, nikapoteza kazi niliyoipenda, na uchungu wake ninao hadi leo.

Sasa, mwanangu, nimelala kitandani nasikia umemweka shemeji yako awe msimamizi juu ya mama mkandaji, aliyeanza nami tukiwa na tanuri moja bovu, na huyo shemeji anafika mikate imeshatoka. Nasikia wakandaji hawaimbi tena. Wewe unaona hiyo ni adabu. Mimi nakijua kimya hicho.

Kwa hiyo kiwanda namwachia dada yako. Usinikatize! Nyumba hii ni yenu wote, msije mkaigawa kwa ukuta. Kiwandani utarudi siku utakapomwomba radhi mama mkandaji kwa mdomo wako, wenzake wakisikia. Na wewe binti, usimtukane kaka yako kwa hili, wala usimfukuze shemeji. Mpe kazi anayoiweza, aifanye kama wengine.

Maji... basi, yatosha. Msiniinamie hivyo, mnanizibia hewa.

Mungu awalinde, awape... awape usingizi mzuri, wote wawili. Njoo, kifungua mimba wangu, nikuwekee mkono kichwani. Hauinuki... uinue wewe. Uweke. Hapo hapo.