Yaliyosemwa Mbele ya Sista Philister

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu. Daktari msimamizi wa afya. Chifu na wazee wa mtaa. Mchungaji na Ustadhi, ambao leo mmeketi benchi moja bila kupangwa na mtu. Wafanyakazi wa kituo hiki cha afya. Akina mama wa Kaloleni, na ninyi wa Sagalla mlioteremka mlima kwa miguu tangu asubuhi. Bwana Oduor, mume wa mgeni wetu wa heshima. Na wewe mwenyewe, Sista Philister Oundo, unayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi ya kujifungulia: hamjambo nyote.

Mimi ni Musyimi Kiema, mwenyekiti wa kamati ya kituo hiki, na wengi wenu mnanijua kwa hotuba zangu. Najua pia mnachosema kuhusu hotuba hizo, kwa sababu mnasemea karibu na duka langu. Leo nitasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Yanayomhusu mke wangu Mbinya, Mama Kaveke, ameniruhusu kuyasema, na alinisikiliza nikifanya mazoezi jana akanikatia nusu.

Ndugu zangu, katika hafla kama hii tumezoea kunukuu watu wakubwa. Mbunge ananukuu marais waliokufa, mwalimu ananukuu wanafalsafa, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anabandika ukutani maneno ya mtu asiyejua Voi iko upande gani wa dunia. Lakini nani kati yetu amewahi kumnukuu jirani yake? Nani amesimama jukwaani akasema, kama alivyosema Mama Munyao akiwa kwenye foleni ya maji? Hatufanyi hivyo. Tunadhani maneno yenye uzito husemwa mbali na hapa, na watu waliovaa vizuri.

Sista Philister hakudhani hivyo. Alizaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge, wazazi wake wakiwa wametoka magharibi kutafuta kazi, na alifika hapa akiwa nesi kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Moja ilikuwa ya kazi ya serikali. Ya pili ilikuwa ya daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ambalo aliandikia maneno ya akina mama waliokuwa na uchungu wa kuzaa. Hakuandika jina wala tarehe. Aliandika tu kama ni mtoto wa kwanza, wa tatu au wa saba. Kila Jumatano, katika kliniki ya wajawazito, aliwasomea mistari miwili mitatu wale waliokuwa na hofu, nao wakacheka, na hofu ikapungua.

Mnaruhusu niwasomee? Ninalo hapa, kwa idhini yake.

Mtoto wa kwanza: "Sista, nimebadilisha mawazo. Nirudishe nyumbani."

Mtoto wa kwanza tena: "Sasa ndiyo naelewa kwa nini mama alikuwa na hasira utoto wangu wote."

Mtoto wa tatu: "Mama mkwe alisema yeye alizaa akichuma mbaazi. Basi aendelee na mbaazi zake, asije hapa."

Mtoto wa pili: "Nasikia mume wangu anakohoa huko nje. Mpelekeeni maji, yeye ndiye mgonjwa."

Mtoto wa nne: "Huyu amechukua kichwa cha babake. Ni kikubwa, na hakitaki kutoka nje kutafuta kazi."

Naona akina mama mnacheka, na akina baba mmeanza kuangalia viatu vyenu. Chekeni. Lakini sikilizeni na huu, wa mtoto wa tano: "Leo ndiyo mara ya kwanza mwaka huu mtu kuniuliza naumwa wapi." Na huu, wa mama kutoka huko juu mlimani: "Niache nilale hapa siku moja zaidi, Sista. Siumwi. Ni bomba lenu, linatoa maji." Je, kuna mtafiti aliyekuja na gari na karatasi zake akatueleza hali ya nyumba zetu kwa ufupi kama huo?

Sasa nifike kwenye aibu.

Miaka minne iliyopita Bwana Mulinge, fundi wetu wa kuchomelea mageti, alileta malalamiko kwa kamati. Yuko pale nyuma, na tumekubaliana nitamtaja. Alisema siri ya nyumba yake inachekwa kliniki. Kwamba mke wa jirani alirudi Jumatano akamtazama yeye Mulinge kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akaenda kucheka nyuma ya nyumba. Nami, badala ya kuuliza lolote, niliketi dukani nikaandika barua ya kupendekeza Sista Philister asimamishwe kazi. Niliiandika kwa Kiswahili kizuri sana. Niliitia mfukoni siku moja kabla ya kumsikia mwenyewe akisema hata neno moja.

Tulikutana Alhamisi asubuhi katika chumba cha chanjo, wanaume watano pamoja na katibu wetu, Bi. Immaculate. Sista aliingia na madaftari yake matatu akayaweka mezani.

Nikamwuliza, "Sista, unakubali kwamba umekuwa ukiandika maneno ya wagonjwa?"

"Nakubali, Mwenyekiti. Ila si wagonjwa, kuzaa si ugonjwa. Na kila mmoja nilimsomea maneno yake kabla hajaenda nyumbani. Aliyesema yabaki, yamebaki. Aliyesema futa, nimefuta."

Akafungua daftari. Kweli, hapa na pale palikuwa na mstari uliopakwa wino mweusi kabisa, hata ukiuinua kwenye mwanga husomi herufi.

Bi. Immaculate akasema kwa upole, "Bwana Mulinge, tuonyeshe basi. Maneno ya nyumbani kwako ni yapi?"

Mulinge akalamba kidole, akafunua kurasa, akafunua tena, akaweka kidole mahali. Akasoma kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Mume wangu akipika chai mara moja, anaitangaza mwaka mzima." Akasema, "Ni haya."

Mzee Munyao, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu maombi, akainama juu ya meza akaangalia. "Hapana," akasema, "hayo ni ya kwangu."

Mjumbe mwingine, ambaye sitamtaja maana hatukuelewana bei ya kutajwa, akasema, "Samahani, mke wangu husema hivyo karibu kila wiki."

Waheshimiwa, fikirini. Wanaume watatu wazima, katika kikao kilichofunguliwa kwa sala, wakigombania tusi. Kila mmoja na ushahidi wake, kila mmoja na chai yake. Walibishana mpaka Bi. Immaculate akaweka kalamu chini.

"Naomba mkae," akasema. "Hayo nilisema mimi, nikimzaa mtoto wangu wa pili. Chai ni ya mume wangu. Ninyi hata chai yenyewe hamjapika."

Malalamiko yakaishia hapo. Mtu atashtakije kwamba siri yake imetolewa, ikiwa siri hiyo iko katika kila nyumba kuanzia hapa mpaka Taveta?

Ningefunga kikao nikaenda zangu nikicheka, lakini nilipokuwa nakusanya madaftari, macho yangu yalitua kwenye ukurasa mmoja. Mtoto wa tatu: "Mume wangu anajua kuzungumza na watu mia tatu, lakini tangu Jumatatu hajapata la kuniambia mimi mmoja." Nani mwingine hapa Voi anazungumza na watu mia tatu? Barua yangu nzuri ilibaki mfukoni, na sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Nilimkuta Mama Kaveke kibarazani akichambua ndengu kwenye uteo.

"Mbinya," nikamwambia, "kuna maneno kwenye daftari la Sista. Ya watu mia tatu. Ni yako?"

"Yanasemaje?"

Nikamwambia, neno kwa neno. Nilikuwa nimeyakariri njiani bila kutaka.

Akafikiri. "Si yangu," akasema. "Lakini ni mazuri."

Nikashusha pumzi, nikavuta kiti. Ndipo akaongeza, bila kuinua macho kwenye ndengu, "Yangu nilimwambia afute."

"Ulisema nini?"

"Ilikuwa siku ya Kaveke. Wewe ulikuwa Taveta."

Siku hiyo niliikumbuka. Chama cha wakulima wa ndizi kilikuwa kinafungua ghala lake, nami nilialikwa kuzungumza. Nilizungumza saa moja na dakika arobaini. Simu ilikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa mgongoni mwa kiti. Niliporudi jioni nilimkuta mtoto amefungwa kwenye leso na mama yake amelala, nikaambiwa yote ni sawa. Nikaridhika. Sikuuliza zaidi kwa sababu nilikuwa nimechoka kwa kusifiwa.

Mke wangu akanieleza, miaka kumi na tano baadaye, kwamba alivuja damu nyingi mchana ule. Sista Philister alipiga simu yangu mara tatu akiwa amemshika mkono kwa mkono mwingine. Alipotaka kupiga mara ya nne, Mbinya akamzuia.

"Nilimwambia, msimpigie tena. Anahutubia. Akimaliza atakuja."

Yeye akatoa kijiwe kwenye ndengu akakitupa uani.

"Kwa nini ulitaka yafutwe?" nikamwuliza.

"Ya wenzangu yalikuwa yanachekesha. Yangu hayakuchekesha. Tena Baba Kaveke, sikutaka uje uyasikie kwa mtu mwingine."

Ndugu wageni waalikwa, kila neno nililosema Taveta siku ile limenitoka kichwani. Wale waliokuwepo nimewauliza, nao hawakumbuki, isipokuwa mmoja anayekumbuka kwamba jua lilikuwa kali. Hotuba nzima imepotea, na maneno ya mke wangu, yaliyofutwa kwa wino mweusi, ninayo mpaka leo.

Kesho yake nilikuja hapa nikamwomba Sista msamaha, nikachana ile barua mbele yake. Kisha nikapeleka hoja kwa kamati: benchi la akina baba lililokuwa getini liletwe ndani, na mwanamume ambaye mke wake anamtaka aruhusiwe kuingia wodini. Hoja ilipingwa. Mzee Munyao alisema wanaume watazimia, na kweli wawili wamezimia, mmoja akiwa askari. Lakini hoja ilipita.

Na aliyetangulia kuingia ni nani? Ni Bwana Mulinge. Mke wake alikuwa anajifungua mtoto wa tano. Alikaa mle ndani saa sita. Alipotoka, shati limelowa, alimwomba Sista daftari na kalamu, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa kupimia vyuma. Ndiyo sentensi pekee ya mwanamume katika madaftari yote matatu: "Nilikuwa nadhani wanaongeza chumvi."

Mpigieni makofi, tafadhali. Anastahili.

Sista Philister, madaftari haya umesema yabaki kwa Sista Sheila, anayepokea kazi yako kuanzia Jumatatu, naye ameahidi mbele yangu kwamba atauliza kabla ya kuandika, na atafuta akiambiwa afute. Kaunti imekupa cheti. Kamati imekupa kabati. Wanawake wa Sagalla wamekuletea magunia ya mbaazi, na sijui kama hilo ni shukrani au ni ujumbe kwa mama mkwe wa mtu.

Leo asubuhi nilikuuliza ungependa niseme nini juu yako. Nilitoa karatasi nikitarajia mambo mengi: idadi ya watoto uliowapokea, semina ulizohudhuria, mwaka ulioletewa mashine mpya. Ulikuwa unafunga vifungo vya sare yako kwa mara ya mwisho. Ukaniambia, "Sema tu nilikuwa nasikiliza, Mwenyekiti. Hayo mengine yako kwenye faili."

Nimeyasema. Na ninyi nyote, leo mmenifanyia mimi kile alichowafanyia wake zetu kwa miaka thelathini na mmoja: mmenisikiliza. Asanteni sana.