Lea Hafungui Mdomo

Benchi letu pale Kihesa ni ubao mmoja uliolazwa juu ya ringi mbili za lori. Mwaka ule wa sabini na tano, mwezi wa saba, baridi ilikuwa ya kuuma masikio, na kahawa ya Asukile, aliyeiuza kwa birika hapo kando ya benchi, ndiyo peke yake iliyotutoa kitandani. Ukiniondoa mimi, wenye benchi walikuwa watatu. Kasian, dereva wa malori ya Makongolosi, tulimwita Breki kwa sababu maneno yake hayakuwa nazo. Magesa, aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka kaskazini mpaka Usangu, kisha akanogewa na mji, alikuwa Zizi. Na Edmund, mwalimu wa elimu ya watu wazima, alikuwa Kamusi. Mimi jina langu hawajawahi kulitaja nikiwepo.

Asubuhi hiyo akatokea Liberatus, fundi cherehani, kamshika mkono binti yake Lea, miaka mitano, koti limefungwa mpaka kidevuni.

— Kamwene, Baba Lea. Mbona umekunja uso?

— Kamwene. Nampeleka shule ya vidudu, hapo kanisani. Mwalimu anasema tangu aanze hajafungua mdomo. Haimbi, hata jina lake hataji. Leo asiposema neno, nimrudishe nyumbani mpaka mwakani. Anasema labda ana kasoro.

Hilo neno la mwisho lilimtoka kwa shida. Iliniuma.

— Baba, — Lea akamvuta koti.

— Tulia, mama. Wakubwa wanaongea.

— Nyumbani yukoje? — akauliza Asukile, akimmiminia.

— Mpole tu. Akiona mgeni anakaa nyuma ya mlango mpaka amzoee. Mdogo wake ndiye redio.

Breki akaweka kikombe chini.

— Hiyo injini ya baridi. Lori la Iringa asubuhi unaliwasha, unaliacha lingurume, ndipo utie gia. Huyo mwalimu anatia gia ya tatu getini. Mpe uji wa pilipili, umkimbize mpaka mtoni na kurudi.

— Si atafika kachoka?

— Kachoka, lakini kachemka.

— Mtoto si lori, — akasema Zizi. — Ndama ukimtia kundi jipya anasimama pembeni. Humpigi, humsukumi. Unamwacha anusenuse.

Hilo lilikuwa jambo la maana, na kwenye benchi lile tulikuwa hatujalizoea. Bahati mbaya Zizi hakuishia hapo.

— Halafu unampaka chumvi mgongoni. Wenzake wakija kumlamba, urafiki umeanza.

— Watoto wa Kihesa wamlambe mwanangu?

— Tumia sukari basi.

— Sukari yenyewe ya foleni!

Tukaijadili sukari kwa uchungu, maana kila mmoja alikuwa na duka lake la kulilaumu. Upande wa kanisani chuma kikagongwa, kikanyamaza.

— Baba…

— Lea, hebu nyamaza kidogo, tunakutafutia dawa.

Kamusi akakohoa, dalili kwamba sasa tunafundishwa.

— Ninyi hamsomi. Maneno yanatoka pwani, yanapanda mlima wa Kitonga, yakifika huku yamechoka. Mtoto mtundu anayadaka hivyo hivyo. Mpole yanampita. Huyu alale na redio kitandani, ayapate mabichi.

— Redio ya nani? — akauliza Liberatus, na nikaona anaulizia kweli.

Nami sikutaka kubaki nyuma.

— Mpeleke Gangilonga. Lile si ndilo jiwe linaloongea? Mkae naye hapo, na mwalimu awepo. Akiona jiwe linaongea na yeye kanyamaza, ataona haya.

— Na jiwe likinyamaza?

— Basi mwalimu ataona kwamba hata jiwe haliongei mbele ya wageni.

Wakati huo mama mmoja, kashuka basi la Mbeya, alikuwa kakaa kwenye ncha ya benchi anafunga upya mbeleko. Lea akavuta koti tena, safari hii kwa mikono miwili. Liberatus, bila kumtazama, akamwekea kiganja mdomoni, taratibu.

— Samahanini, — akasema yule mama. — Tangu nimekaa mnamnyamazisha huyu mtoto. Alikuwa anataka kusema nini?

Breki akamtazama Zizi. Zizi akamtazama Kamusi. Kamusi akatazama birika.

— Sema, Lea! — tukamwinamia wote. — Sema tu!

Lea akazama kwenye koti la baba yake.

Liberatus akachuchumaa, akatugeuzia mgongo. Hakumwambia kitu, akamngojea tu. Kahawa ikanipolea mkononi, niliona haya kuivuta kwa sauti. Mwishowe Lea akasogeza mdomo sikioni mwa baba yake, akaongea. Aliongea kirefu.

Liberatus akainuka, anafuta macho kwa mkono wa koti.

— Kasemaje?

— Kasema kengele imegongwa zamani. Leo wanaimba wimbo wa sungura, anaujua wote, na anataka kuwahi akae karibu na Evarista.

Wakaondoka, Lea mbele akimvuta. Breki akafungua mdomo, yule mama akamtazama, akaufunga.

Muda si mrefu wimbo wa sungura ukaanza kanisani. Tukatega masikio, hata Asukile na birika lake, tumsikie Lea. Mtoto amekulia mbele ya macho yetu, lakini kati yetu hakuna aliyeijua sauti yake.