Mungu Aliniponya Woga wa Sufuria ya Faida

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ah, munaitika kama darasa la kwanza siku ya Jumatatu. Bwana asifiwe tena!

Munanijua: mimi ni Mama Janvier, mwalimu wa shule ya primaire hapa Goma mpaka nilipopata retraite. Mungu ameniokoa na vitabu. Musicheke! Vile vitabu vya hadithi za mama mukwe na bibi wa mutoto wake. Nilipoacha kazi, rafiki aliniazima kimoja, nikataka kingine, na kingine. Vyote ni mamoja: bibi arusi anaingia anachekacheka, anapika vizuri ajabu, na kabla kitabu kiishe mama mukwe ameshazikwa.

Na mimi nasoma kama mwalimu, kalamu ya bic nyekundu mukononi. Penye bibi arusi anacheka, napiga mustari, naandika pembeni: Faida. Penye analeta chai: Faida tena! Faida ndiye bibi wa mutoto wangu Janvier, na tunakaa parcelle moja, kiwanja kimoja. Janvier ni shofere wa njia ya Bunagana, kule mupakani, kwa hiyo siku nyingi tunabakia sisi wawili. Kosa la huyo musichana lilikuwa nini? Alikuwa mupole. Ndugu zangu, upole wake ndio ulinitisha!

Munajua kwetu sumu si neno la muchezo. Nikaacha kula kwake, nikanunua mbabula, jiko langu la makaa, nikawa napika mulangoni kwangu. Hata maji! Faida alikuwa anachemsha ya ziwa, anaweka kwenye bidon safi. Mimi nikasema, nani anajua kilicho ndani? Nikawa naagiza yangu Kituku, pale watu wanapochota ziwani, nayakunywa vile vile, mabichi. Mwalimu muzima! Mimi niliyefundisha watoto wa watu kuchemsha maji!

Tumbo likanishika. Nikasema, haya, tumefika ukurasa wenyewe. Nikapigia simu ndugu za marehemu bwana wangu, nikapigia wazazi wa Faida: Jumapili mukuje wote, mutoto wenu arudi kwenu, ameniwekea kitu. Na majirani nikawaambia. Ndugu zangu, neno hilo likitoka kinywani mwa mama mukwe, ndoa imekwisha, na hata barabarani musichana hana amani. Nililijua hilo, na nililisema.

Siku mbili kabla ya Jumapili, miguu ikakataa. Faida ndiye alinibeba mugongoni mpaka barabarani, akasimamisha pikipiki, akanishika njia yote mpaka kwa muganga wa hospitali. Muganga akaniuliza nakunywa maji gani. Ilikuwa tifoide, ugonjwa wa maji machafu.

Kurudi nyumbani, nalala asubuhi, naamka nakuta chumba kimefagiwa na vitabu vyangu vimepangwa vizuri juu ya meza. Aliyevipanga amevifungua! Faida akaingia na bakuli ya uji. Akachota kijiko cha kwanza, akameza mbele yangu, akafungua kinywa nione. Halafu akanipa kijiko.

Nililia mpaka uji ukapoa. Nikamuuliza, “Faida, uliona jina lako?”

“Niliona, Mama. Hata mimi navisoma hivyo vitabu. Katika vyangu mubaya ni mama mukwe. Miaka miwili nakuogopa.”

Yesu wangu! “Sasa mbona ulinibeba?”

“Ulikuwa mugonjwa, Mama.”

Basi.

Jumapili wakafika wote, na Janvier amerudi safarini. Baba yake Faida alikaa bila kuvua koti, hakutaka hata maji. Valizi ya nguo za Faida, aliyoipanga niliposema arudi kwao, ilikuwa mulangoni, bado imefungwa, maana mimi nilikuwa nimelia tu, sijasema kama atabaki. Nikasimama nikishika ukuta. Nikasema: niliwaita nimufukuze mutoto huyu, na nilidanganya. Kilichoniangusha ni maji mabichi na kichwa kigumu. Sasa namuomba yeye, mbele yenu, asinifukuze mimi. Nikapiga magoti, mimi mama mukwe! Faida akapiga kelele, “Mama, simama!” na yeye mwenyewe akashuka chini, tukashikana palepale tukilia na kucheka. Janvier akarudisha valizi chumbani.

Asante Yesu kwa kunitoa ndani ya woga ule! Na wewe, mama, na wewe, bibi arusi, mwenye kukaa nyumba moja na mutu unayemuogopa na hujamuuliza hata neno moja: muamini Mungu, umuulize leo. Mungu yule aliyenivumilia mimi atakuvumilia na wewe.

Faida, mwanangu, simama wakuone. Usifiche uso. Ndugu zangu, wale niliowaambia kwamba huyu aliniwekea sumu, munajijua, muko humu ndani. Mukitoka hapa, mupite nyumba kwa nyumba kwa wale muliowaambia, museme: Mama Janvier alidanganya, amesema mwenyewe.