Abner wa Punje ya Mahindi

Abner Nyakundi alizaliwa tarehe 2 Agosti 1956, karibu na Kebirigo, msimu wa kuvuna wimbi, mtoto wa tatu wa marehemu Ochoki na marehemu Drusilla, na mama yake alikuwa akisema kwamba huyu alilia mara moja tu, kisha akanyamaza na kuanza kutazama watu.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini tangu 1964 hadi 1970, karo ikakatika, akachunga ng'ombe, na mwaka 1976 akaandikwa kazi ya askari wa wanyamapori, mbali huko kusini, ambako jicho lake la kulenga lilimpa jina. Tarehe 13 Disemba 1981 alimwoa Ruth Nyanchera kanisani, wakabarikiwa Emily, Mokua, na Mogaka aliyetutangulia mwaka 1994 akiwa bado mchanga.

Sasa hili linalofuata Ruth amesema lisomwe, kwa sababu Abner mwenyewe hakulificha. Tarehe 6 Juni 1989, kambini, mkubwa wake wa kazi, Mogire, mtu wa huku kwetu na wa rika la baba yake, alimkabidhi bunduki akamwambia iko tupu. Na sisi tunajua tulivyolelewa, mzee akikuambia kibuyu hakina maziwa, huchungulii mbele yake, hiyo ni kumwita mwongo. Abner hakuifungua. Aliketi kuipangusa, risasi ikatoka, ikamvunja mguu Opondo, rafiki yake wa kutoka upande wa ziwa, waliyekuwa wakila naye sahani moja, na mguu ule ukakatwa. Kila Disemba alimwandikia Opondo barua ya kuomba msamaha, na Ruth, ambaye hakusoma, aliipeleka posta ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya mboga moto, na hakuna hata moja iliyojibiwa.

Alistaafu mwaka 2011, na mwaka 2014 klabu ya shabaha ilipofunguliwa kwa kibali kwenye machimbo ya zamani ya mawe, upande wa Nyamarambe, akaitwa kuwafundisha wanaoanza kila Jumapili. Walikuja walimu, wenye maduka, kina mama wa chama, wote wamevimba kama watu wa sinema, na siku ya kwanza hakuna aliyepewa risasi. Alilaza punje ya mahindi juu ya mtutu, ukafyatua bunduki tupu, punje ikianguka unaanza upya. Mwenye duka mmoja wa Kisii alinung'unika kwamba amekuja kupiga shabaha, si kupanda mahindi, Abner akamjibu kwa upole kwamba punje ikitulia, risasi nayo itatulia. Halafu kulikuwa na ile sheria yake, kwamba anayepokea bunduki aifungue, aangalie, kisha amwonyeshe mwenzake naye aangalie, hata kama aliyempa ni mzee, hata kama ni mchungaji. Aliwajaribu kwa kuwaambia iko tupu, na karibu wote, kwa adabu zao, walipokea wakashukuru, wakarudishwa kwa punje. Hata nyumbani, akiambiwa chupa ya chai imeisha, alifungua, akachungulia, akamwonyesha Ruth, naye Ruth akamtania, "Hata chai ina risasi, baba Emily?"

Jumapili, tarehe 9 Julai 2023, alikuja msichana anayeitwa Sheryl. Abner akampa bunduki, akamwambia iko tupu. Msichana akaifungua, akaangalia, akamgeuzia.

"Angalia na wewe, mzee. Babu alisema nisimwamini mtu, na kwamba hapa yuko mmoja atakayefurahi nisipomwamini."

Alipoulizwa babu yake ni nani, akasema ni Opondo. Abner aliketi chini kwenye vumbi, wanafunzi wakadhani ameshikwa na jua. Alifika nyumbani akamwambia Ruth, "Amenipa mjukuu wake nimfundishe," akala ugali wake wote, na Ruth akajua kwamba zile barua zilikuwa zikifika.

Mwezi wa Februari 2025 chakula kilianza kumkwama kooni, akapatikana na saratani, akatibiwa Kisii. Alitamani kitu kimoja tu, kumwomba Opondo msamaha kwa kinywa chake. Opondo alituma neno kwamba atakuja Jumapili, tarehe 21 Septemba, na Ruth akamfungia jogoo. Alhamisi tarehe 18, saa nne asubuhi, Abner alituacha, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Ruth.

Jumapili ile Opondo alifika kwa magongo yake, akakuta hema la matanga. Aliketi karibu na Ruth, akatoa mfukoni furushi la barua, zote pembe zimelika kwa kushikwa. "Nilizifungua zote, shemeji," akasema. "Kujibu ndiko kulinishinda."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mlioleta ndizi, kuni na maji, askari wenzake wa zamani, kanisa, na ninyi wanafunzi wake mliochimba kaburi hili kwa zamu.

Abner, tumefungua, tumeangalia, na Opondo ameketi hapa, naye ameangalia. Hakuna risasi iliyobaki. Pumzika kwa amani, baba Emily.