Milango Kumi na Moja ya Jiko la Mama

Ndugu, majirani na wafanyakazi wa kiwanda mliofika hapa Jiashan asubuhi hii, mimi ni Wenjuan, mtoto pekee wa marehemu, na historia hii nimeiandika mimi, mama akaipitia na kufuta sentensi moja tu, ile ya kumsifu.

Marehemu Qiu Genlin alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano wa mfyatua matofali, na bibi alituhadithia kwamba tangu siku ya kwanza alilikataa titi la kushoto, jambo ambalo ninyi mliowahi kumuuzia mbao hamtalishangaa.

Alianza shule ya msingi kijijini kwao Septemba 1958, akaingia sekondari mwaka 1964, akaiacha mwaka 1966 masomo yaliposimama, na mwaka 1968 akaenda kujifunza useremala kwa mjomba wake. Tarehe 3 Mei 1973 aliajiriwa na kiwanda cha plaiwudi, na kuanzia mwaka 1996 akawa mchaguzi wa mbao za makabati na kuta, zile zinazovikwa utando mwembamba wa mti halisi na kupigwa vanishi kabisa kabla ya kutoka kiwandani, kazi ambayo ukikosea huna pa kupaka rangi ukajificha. Kila ubao aliusimamisha wima penye mwanga wa mlango, maana ndivyo utakavyosimama kabatini, akarudi nyuma hatua saba, akautazama, na hakukubali mbao za kazi moja zitoke magogo mawili, zilipaswa kuwa na namba zinazofuatana kama gogo lilivyochanwa, kwa kuwa gogo likiisha limeisha. Fundi Tao, seremala aliyekaa pale mbele, aliwahi kumwambia, “Mzee Qiu, mteja hataiona hiyo tofauti,” naye akajibu, “Angekuwa anaona, angeoa yule?” na mke wa mteja alikuwa amesimama hapo hapo.

Tarehe 1 Oktoba 1978 alifunga ndoa na mama yangu, Fang Caiying, mfumaji, baada ya kumwambia mshenga, “Ana kovu kidevuni, lakini kwingine analingana.” Walibahatika kupata mtoto mmoja, tarehe 22 Juni 1980, na baba alipoambiwa ni wa kike aliuliza kama hakuna mwingine.

Mwezi Aprili 2002 aling'oa milango yote ya makabati ya jiko letu, kwa sababu alikuwa amepata mbao kumi na sita za mcheri, mti wa matunda ya cheri, gogo moja, namba moja hadi kumi na sita, na mama alifurahi mpaka akawaita majirani waje kuziona zimesimama sebuleni zikimngoja seremala. Tarehe 19 ya mwezi huo mama aliegemeza ungo wa kuanikia mboga kwenye ubao namba tisa, karibu na dirisha la kusini, akausahau kwa wiki tatu, na ninyi wa kazi hii mnajua kwamba mcheri ukipigwa na jua hukolea rangi hata ukiwa na vanishi, basi ungo ulipoondolewa likabaki duara hafifu, ukubwa wa ungo ule ule.

Baba alisema, “Umeua mti mzima, Mama Wenjuan.” Mama akamwambia, “Si mmoja tu? Huo tuuweke kule chini, nani atainama auone?” Baba aliziondoa zile kumi na tano, akatuambia amezitupa, na namba tisa akaupigilia misumari ukutani juu ya meko, mbele ya macho ya mama, na kila mgeni aliyeuliza alisimuliwa kisa chote mama akiwa anapakua chakula. Kwa miaka kumi na tisa mama alipika mbele ya makabati yaliyo wazi, bakuli zikiganda mafuta na yeye akizikosha kila asubuhi kabla ya kuzitumia, na kila Mwaka Mpya aliuliza, “Mwaka huu je, Baba Wenjuan?” naye akajibu, “Niletee namba tisa.”

Mwezi Februari 2021 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, akalazwa mara nne mjini Jiaxing. Tarehe 7 Novemba mama alimpelekea vipande sita vya mfano kwenye mfuko wa kitambaa, akamwambia, “Nyoosha kidole tu, mengine niachie mimi.” Baba alimwamuru arudi nyuma hatua saba, mpaka mlango wa msalani, akamtaka akiinue kimoja kimoja mbele ya kifua chake, kisha akasema, “Karatasi iliyochapwa. Unaniletea picha ya mti?” akageukia ukuta. Alifariki tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho kwa mkewe, nimetafuta jingine sikulipata.

Kesho yake tulifungua stoo kutafuta suti ya kumvika, tukakuta mbao kumi na tano za mcheri zimefunikwa blanketi la harusi yao, hazina hata mkwaruzo. Fundi Tao alikwenda kupima jiko. Linahitaji milango kumi na moja.

Mama aliketi kwenye kizingiti cha stoo akalia, nami nilimchukia baba siku hiyo kuliko nilivyowahi kumpenda, kisha tukaenda kuchukua sanduku. Hilo mnaloliona ni la karatasi ngumu, kama yalivyo mengi ya kuchomea maiti, limechapwa picha ya mti, na kifundo kimoja kinajirudia mara sita kutoka kichwani hadi miguuni. Mhudumu alitaka kutuonyesha mengine mawili, mama akasema, “Hili hili,” wala hakurudi nyuma hata hatua moja.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliokisogeza kitanda chake dirishani, wenzake wa kiwandani, na majirani mliojifanya kwa miaka kumi na tisa kwamba hamzioni sufuria zetu. Ubao namba tisa tumeung'oa, uko miguuni pake humo ndani, mama ameutaka uende naye.

Pumzika, baba. Fundi anakuja Alhamisi.