Kijani Kwenye Kola Nyeupe

Amani iwe kwenu, watu wa ibada ya Kiswahili. Na kwenu pia, kwaya. Nimewaona. Wengine mmeshaanza kutazama chini na mimi hata sijafika mbali. Tulieni, sitataja jina la mtu.

Mnanijua, mimi ni fundi cherehani pale soko la Kimironko. Nimekulia ng'ambo ya mpaka, Karagwe, nimerudi nyumbani nikiwa mtu mzima, na jina langu hapa mjini nimelitafuta kwa sindano. Kabla ya Pasaka, kwaya ya akina mama ilinipa kazi ya gauni za kijani zenye kola nyeupe. Nilitaka kwanza kuloweka kitambaa na chumvi, kitoe rangi inayozidi kabla sijakikata. Rafiki yangu, mmoja wa viongozi wa kwaya, akanipigia simu: "Kwaya imesema usiloweke, sikukuu iko karibu." Nikashona. Mkapiga vigelegele humu humu. Kisha gauni zikafuliwa.

Jumatatu nafungua simu, nakuta picha kwenye grupu la kwaya. Kola imeingia kijani, kama imepikwa na sombe, yale majani ya muhogo. Chini yake maneno. Mmoja anasema kitambaa kinachuja. Mwingine, "Ametubadilishia kitambaa." Mwingine, "Lisemwalo lipo." Na sauti moja ya kurekodiwa, niliisikiliza mpaka nikaikariri: "Hao waliokulia kule ni wajanja, mimi nilisema zamani."

Ndugu zangu, nawaambia, niliumia. Wamekataa wenyewe nisiloweke, sasa wananigeuka! Lakini sikujibu. Marehemu mama alinifundisha neno moja la Kinyarwanda: ihorere. Mtu akikusema, mwache, usimjibu, hiyo ndiyo heshima. Basi nikanyamaza, nikawa nasoma kila neno na kumshuku kila mtu. Mteja akipapasa kitambaa mezani, nasema huyu ametumwa. Jirani akicheka na simu yake, nasema ananicheka mimi. Na wateja nao walianza kurudi kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. "Nitakuletea wiki ijayo, mama." Wiki ijayo ipi? Nikaona kazi yangu inakufa hivi hivi.

Niliyemshuku zaidi ni yule rafiki. Yeye aliandika maneno matatu tu: "Mwenye ukweli aseme." Nikasema, ahaa, ni wewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Siku moja mchana akaja mezani kwangu.

"Weye, mbona unanikimbia?"

"Nina kazi nyingi."

"Kazi gani? Meza iko tupu." Akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. "Unasoma yale maneno yote kama mtu mmoja ndiye anakusema. Tuyakate vipande. Nani anasema nini, na anasema kwa sababu gani?"

Moyoni nikasema, huyu amekuja kunipima apeleke habari. Nikamwambia, "Tutaanza na la kwako."

"Anza nalo."

Tukachukua mabaki ya kitambaa na chaki yangu. Kila dai tukaliandika kwenye kipande chake. Sababu yake, tukaibana chini yake kwa pini. Aliyerudia tu la mwenzake, tukambandika juu ya mwenzake. Lile neno la rafiki yangu halikuwa dai wala sababu. Likakaa peke yake pembeni, na mimi nikalitazama kwa jicho baya.

Basi, mnajua? Ule mlima wa maneno ulikuwa madai machache mno. Kwamba kinachuja: kweli, hata mimi sikatai. Kwamba nimekibadilisha: sababu yao ni hiyo hiyo tu, kwamba kinachuja. Ile sauti ya "waliokulia kule" haikuwa na kitu cha kubana chini yake, kipande kikapeperuka mpaka sakafuni. Na lundo kubwa kuliko yote lilikuwa hili: "Anatudharau." Sababu? "Anasoma, hajibu." Ile heshima ya mama yangu, wao waliiona kiburi.

"Na wewe, dai lako?" akaniuliza.

Nikaandika: Kosa si langu. Chini yake: Kwaya ilisema nisiloweke.

Akachomoa kipande kile, akakitia kwenye mkoba wake. "Njoo mazoezini Jumamosi," akasema, akaondoka. Utetezi wangu wote umeondoka kwenye mkoba wa mtu nisiyemwamini!

Jumamosi nilikwenda. Nilijua akikana, nimekwisha, maana ile simu hakuisikia mtu mwingine. Akasimama mbele ya wote, akafungua mkoba, akakisoma kipande. Wakaanza kuulizana, nani alisema? Mbona sisi hatukuulizwa?

"Hamkuulizwa," akasema. "Nilisema mimi, kwa jina lenu. Niliandika mwenye ukweli aseme, na mwenye ukweli nilikuwa mimi. Niliogopa."

Kumbe nilimshuku kwa haki! Lakini nililia, na yeye akalia, na kwaya ikaanza kuombana radhi.

Murakoze, asanteni sana, kwaya. Wateja wameanza kurudi. Mwenye ile sauti bado hajaniambia kitu, na mimi bado namtazama kwa pembeni, mniombee. Ninachowaachia ni hiki: mimi siwezi kuacha kushuku, nimezaliwa hivyo. Lakini siku hizi nashuku neno kabla ya kumshuku mtu. Naliuliza, chini yako kuna nini? Na nikiulizwa, najibu.

Kola zote nimezishona upya, isipokuwa moja. Mwenye kola hiyo amekataa, anasema doa lile libaki, limkumbushe siku aliyoogopa kusema. Nimesema sitataja jina, na sijataja. Basi msigeuke kutazama kola za kwaya.